Kufunga si Kukaba: Istilahi za Vali katika Mabomba ya Rojo

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza istilahi zinazohusu vali zitumikazo katika mabomba ya kusafirishia rojo, yaani mchanganyiko wa maji na chembe ngumu za mwamba uliosagwa au mchanga. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini jarida la lugha lishughulikie jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wahandisi. Jibu letu ni kwamba jambo hili limekwisha kutupata, na lilitupata kwa sababu ya lugha.

Miaka michache iliyopita tuliombwa kutafsiri kitabu cha maelekezo kwa ajili ya wafanyakazi wa mtambo mmoja wa kusagia mwamba. Ndani yake mlikuwa na jedwali lililoonyesha kila vali na kazi yake. Lugha ya asili ilitumia vitenzi viwili: kimoja chenye maana ya kuziba njia kabisa, na kingine chenye maana ya kuibana njia ili mtiririko upungue. Sisi, kwa kudhani kwamba kuibana njia ni kuifunga kidogo, tuliandika "kufunga" mahali pote pawili. Kitabu kilipigwa chapa na kugawiwa.

Baadaye tuliitwa kwenye mtambo huo tukaonyeshwa vali iliyotoboka ubavuni. Mfanyakazi wa zamu alitaka kupunguza rojo lililokuwa likiingia tangini; akaiendea vali iliyokuwa karibu, ambayo kitabu kilisema ni ya kufunga, akaiacha nusu. Haikumaliza mwezi. Rojo lilitoboa chuma, likaruka hadi kwenye njia ya kupitia watu. Kwa bahati njema hapakuwa na mtu wakati ule, lakini kazi ilisimama kwa zamu mbili. Fundi mkuu wa mahali hapo, mzee aliyekwisha kufanya kazi hiyo muda mrefu, alitusikiliza tulipokuwa tukijieleza, kisha akasema: "Ndugu zangu wa Baraza, mmeandika kufunga. Kijana kafunga nusu. Nusu ya kufunga nayo si kufunga?"

Hatukuwa na la kumjibu. Kosa halikuwa la kijana yule wala la vali, lilikuwa letu. Tangu siku ile tumejitahidi kujifunza jinsi vifaa hivi vifanyavyo kazi kabla ya kuvipa majina. Haya tunayoyaandika ndiyo tuliyoyapata, na tunayatoa kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaotakiwa kuandika au kusoma nyaraka za zabuni, mikataba na vitabu vya mafunzo.

2. Bomba, pampu na rojo

Tuanze na neno lililozoeleka kuliko yote. Katika mazungumzo ya kila siku "bomba" ni neno lenye kazi nyingi. Tunasema bomba tukimaanisha mfereji wa chuma unaopitisha maji, tunasema bomba tukimaanisha mahali pa kutekea maji, na tena tunasema bomba tukimaanisha chombo kinachoyavuta maji hayo na kuyasukuma. Nyumbani hakuna madhara. Aliyetumwa bombani anajua aendako. Lakini katika hati ya zabuni sentensi kama "bomba libadilishwe" inaweza kumgharimu mtu fedha nyingi. Kwa hiyo tunashauri "bomba" libaki na maana ya mfereji tu, na kile kinachosukuma kiitwe "pampu", neno ambalo mafundi wanalitumia tayari.

La pili ni jina la kile kinachopita ndani ya bomba. Wafasiri wengine wameandika "tope", wengine "uji", na wengine "maji machafu". Tope ni udongo uliolowa, nalo halina dalili ya kwamba mtu amelitengeneza kwa makusudi. Uji ni chakula, na tena hauna chembe za kukwaruza. "Maji machafu" ni istilahi ya afya na usafi wa miji. Tukiihamishia hapa tutawachanganya watu wa idara nyingine. "Rojo" ni neno la jikoni pia, kwani ni mchuzi mzito, lakini linabeba wazo tunalolitaka: kiowevu kilichochanganyika na kitu kizito hata kikawa na uzito wake chenyewe, ila bado kinamiminika. Tunalipendekeza kwa sababu hiyo.

Rojo si jambo la mbali nasi. Katika migodi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, kama vile Geita na Bulyanhulu, mwamba husagwa hata ukawa kama unga, ukachanganywa na maji na dawa, na mabaki yake yakasukumwa kwa mabomba. Huko Kwale, pwani ya Kenya, ambako mchanga wenye titani ulichimbwa tangu 2013 hadi mwisho wa 2024, mchanga ulichanganywa na maji ukapelekwa mtamboni kwa njia ya mabomba. Kwingineko duniani rojo limesafirishwa masafa ya kustaajabisha. Bomba la Black Mesa nchini Marekani lilichukua makaa ya mawe yaliyosagwa kutoka Arizona hadi Nevada, mwendo wa kilomita 440 hivi, tangu 1970 hadi 2005. Nchini Brazil bomba la Samarco lilianza mwaka 1977 kupeleka chuma ghafi baharini kwa mwendo wa karibu kilomita 400.

3. Namna tatu za uchakavu

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Rojo hufanya kazi hiyo hiyo juu ya chuma. Hata hivyo, fundi anaposema "vali imelika" hajasema imelikaje, na tiba ya kila namna ya kulika ni tofauti. Ndiyo maana tunapendekeza neno "uchakavu" liwe jina la jumla, na chini yake yawekwe majina matatu.

Kwanza ni "mkwaruzo". Huu hutokea chembe zinapoteleza juu ya chuma zikakichana kama msasa. Rojo lenye tabia hiyo tunaliita "rojo kwaruzi", kwa kufuata njia ile ile iliyotupa "chokozi" kutokana na "chokoza".

Pili ni "mpigo". Huu hutokea chembe zinapokigonga chuma usoni, hasa mahali njia inapokata kona. Tofauti yake na mkwaruzo si ya maneno matupu. Chuma laini kinacholegea bila kuvunjika huharibika zaidi chembe zinapokijia kwa kulala, katika pembe ya kiasi cha nyuzi 20 hadi 30. Kitu kigumu chepesi kuvunjika, kwa mfano kauri, huharibika zaidi chembe zinapokipiga wima. Kwa hiyo mfasiri anayeandika "mkwaruzo" mahali pa "mpigo" anaweza kumfanya mnunuzi achague kauri pale ambapo kauri itapasuka.

Tatu ni "ulikaji", neno ambalo tunataka libaki kwa kazi ya kemikali peke yake, kama vile kutu na tindikali. Ulikaji na mkwaruzo husaidiana. Vyuma vingi hujivika utando mwembamba unaovizuia visiendelee kulika. Chembe zikiukwangua utando huo, chuma kipya hubaki wazi; nacho kikijivika tena, hukwanguliwa tena. Uharibifu unaotokana na viwili hivyo vikiwa pamoja huzidi jumla ya kila kimoja kikiwa peke yake.

4. Kwa nini "vali"

Wapo waliotushauri tuache neno "vali" na kutumia neno la nyumbani zaidi. "Bilula" na "koki" yalipendekezwa, na pia "kilango". Tuliyapima yote. Bilula na koki ni vya kutekea maji mwishoni mwa bomba, na picha hiyo ya mkono unaokinga ndoo haiondoki kwa urahisi. "Kilango" ni neno zuri, nalo limetumiwa na wenzetu wa elimu ya viumbe kwa milango ya moyo. Lakini ubaya wake hapa ni kwamba aina moja ya vali ina lango ndani yake. Tungelazimika kusema "kilango cha lango". "Vali" limekwisha kuenea kuanzia kwenye gurudumu la baiskeli hadi kwenye injini, linanyambulika vema katika sentensi, na halimtatizi fundi.

Wasomaji wetu wa Lubumbashi na Kolwezi, ambako shaba husagwa na kusukumwa kwa mabomba vilevile, wanao ugumu wa namna nyingine. Kifaransa, ambacho nyaraka zao nyingi huandikwa kwacho, hakina neno moja bali kina manne: vanne, robinet, soupape na clapet, kila moja likiwa na mahali pake. Mfasiri atokaye Kifaransa asidhani kwamba kila moja ya hayo linadai neno lake la Kiswahili. Yote ni vali. Tofauti itaonyeshwa na neno la pili, kama tutakavyoona sasa.

5. Aina za vali na majina yake

Kanuni tuliyoifuata ni hii: neno la pili litaje kile kinachoziba njia, au jinsi kinavyoiziba, wala lisitaje umbo la nje. Tumelazimika kuishika kanuni hiyo kwa sababu ya mtego mmoja. Katika Kiingereza kuna vali mbili ambazo majina yake yote yanatokana na kitu cha mviringo. Moja imeitwa hivyo kwa sababu kiwiliwili chake kwa nje kimevimba kama tufe. Nyingine imeitwa hivyo kwa sababu ndani yake mna tufe hasa, lenye tundu, ambalo huzungushwa. Mfasiri akifuata kamusi ataandika "vali tufe" kwa zote mbili, na ghalani zitaletwa vali zisizofanana hata kidogo.

Vali mpindo ni ile ya kwanza. Tumeiita hivyo kwa kuwa njia ndani yake hupinda mara mbili kabla ya kutoka. Kwa maji safi ni vali nzuri ya kupunguzia mtiririko. Kwa rojo haifai, kwani kila mpindo ni mahali pa mpigo.

Vali tufe ni ile ya pili. Ikiwa wazi, tundu la tufe hulingana na bomba na rojo hupita bila kizuizi. Udhaifu wake ni kwamba chembe huingia katika nafasi iliyopo kati ya tufe na kiwiliwili, na vikalio vya plastiki hukatwa nazo. Zikitengenezwa kwa chuma kilichopakwa kabidi ya tangsteni, tufe na vikalio pia, vali hizi hustahimili kanieneo kubwa, nazo hutumika katika vituo vya pampu vya mabomba marefu. Bei yake ni kubwa.

Vali lango huziba njia kwa kipande kinene kinachoshuka kama lango la ngome hadi kwenye mfuo ulio chini. Katika rojo mfuo huo hujaa mchanga ukashindiliwa, na lango halifiki chini. Fundi akizidi kukaza gurudumu huvunja ufito.

Vali kisu ni ndugu ya vali lango, lakini kizuizi chake ni bamba jembamba lenye makali upande wa chini, linaloweza kupita kati ya chembe. Mahali pake pa kwanza pa umaarufu palikuwa viwanda vya massa ya karatasi. Zile zilizotengenezwa mahsusi kwa rojo zina pete mbili nene za mpira zinazogusana bamba linapokuwa juu, hata chuma chote kikawa kimefunikwa. Bamba linaposhuka huzitenganisha pete hizo, na rojo kidogo humwagika nje. Mwandishi wa maelekezo hana budi kulitaja jambo hilo, ama sivyo mfanyakazi atadhani vali imeharibika. Mahali pa kumwagikia pafanyiwe mfereji, na chumba cha bamba kioshwe kwa maji safi mara kwa mara.

Vali kipepeo ina sahani inayozunguka katikati ya njia. Ni nyepesi na ya bei nafuu. Lakini hata ikiwa wazi kabisa sahani hubaki katikati ya rojo, ikipigwa usiku na mchana.

Vali mbano haina kitu chochote kinachoingia katika njia. Ndani yake mna bomba fupi la mpira mnene, ambalo mafundi huliita slivu, nalo hubanwa kutoka nje kwa vyuma au kwa hewa. Rojo haligusi kitu kingine isipokuwa mpira huo, na ukichakaa hubadilishwa peke yake. Haifai penye kanieneo kubwa au joto kali.

Vali kiwambo huziba njia kwa kiwambo cha mpira kinachosukumwa chini. Historia yake inatuhusu sisi Waafrika, kwani mhandisi P. K. Saunders aliibuni katika miaka ya 1920 kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, ambako vali za kawaida zilikuwa zikivuja. Ipo ya namna mbili: yenye tuta ndani, na yenye njia iliyonyooka. Kwa rojo hutakiwa ile iliyonyooka, kwa kuwa tuta hupigwa na chembe na pia huzuia mchanga nyuma yake. Mfasiri akiiacha sifa hiyo moja, amemwachia muuzaji nafasi ya kuleta yoyote aliyo nayo.

Vali rejezi tumeikataa kama istilahi, ingawa tumekuta baadhi ya waandishi wakiitumia kwa vali inayoruhusu rojo kwenda mbele tu. Jina hilo lasema kinyume, kana kwamba kazi yake ni kurejesha. Tunapendekeza "vali njia-moja". Katika rojo kwaruzi, zile zenye springi au bawaba wazi hukwama upesi. Afadhali zenye ulimi wa mpira mzima.

6. Kufunga na kukaba

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Kufunga ni kuiziba njia isipite kitu. Kukaba ni kuiacha njia ikiwa nyembamba ili kipite kiasi kidogo. Tumelichagua neno "kukaba" kwa sababu kila Mswahili ajua kwamba aliyekabwa koo bado anapumua, ila kwa shida na kwa sauti ya kukwaruza. Neno "kupunguza" halikututosha, kwa kuwa lataja matokeo bila ya kutaja tendo. Mtiririko waweza kupunguzwa pia kwa kuipunguzia pampu mwendo, na mara nyingi hiyo ndiyo njia bora.

Hebu tuone kinachotokea. Tuseme rojo linakwenda kwa kasi ya meta 2 kwa sekunde. Vali ikishushwa hata nafasi iliyobaki ikawa robo ya njia yote, na pampu ikaendelea kusukuma kiasi kile kile, rojo litalazimika kupita hapo kwa kasi ya meta 8 kwa sekunde. Sasa, uchakavu hauongezeki sawasawa na kasi. Kwa kawaida huongezeka kwa kipeo cha pili hadi cha tatu cha kasi hiyo. Kasi ikizidi mara 4, uchakavu huzidi mara 16 hadi 64. Ni kweli kwamba pampu inapopata upinzani hutoa kidogo zaidi, kwa hiyo hesabu yenyewe hushuka kiasi. Lakini sura ya jambo haibadiliki. Vali ambayo ingedumu mwaka mzima inaweza kuisha katika majuma machache. Hivyo ndivyo ilivyokwisha ile tuliyoonyeshwa.

Kwa hiyo vali kisu, vali lango na vali tufe za kawaida ni za kufunga tu: ama ziwe wazi kabisa, ama ziwe zimefungwa kabisa. Panapolazimika kukaba, vali mbano ndiyo hutangulia kufikiriwa, na hata hiyo isikabwe kupita kiasi. Msomaji ataona kwamba lau jedwali letu lingeandika "kufunga" mbele ya vali kisu na "kukaba" mbele ya vali mbano, kijana yule angetembea hatua chache zaidi akaiendea vali iliyofaa.

7. Kigumu au kinyumbufu?

Baada ya aina ya vali huja suala la kitu ilichotengenezwa nacho. Mtaalamu wa madini Friedrich Mohs aliweka mwaka 1812 kipimo cha ugumu chenye daraja 10. Kwatsi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga, iko daraja la 7. Kisu cha kawaida hukadiriwa kuwa karibu 5.5. Maana yake ni kwamba mchanga wa kawaida huikwaruza feleji ya kawaida bila taabu. Njia ya kwanza ya kujikinga, basi, ni kutafuta kitu kigumu kuliko mchanga. Miongoni mwake mna chuma cha kusubu chenye kromi kiasi cha asilimia 25 hadi 28, kauri ya alumina, na kabidi ya tangsteni.

Njia ya pili ni kinyume chake: kutumia kitu laini. Mpira wa asili hukubali chembe izame kidogo, kisha huirudisha ilikotoka. Kwa chembe ndogo za mviringo mpira huweza kuishi kuliko chuma. Lakini hukatwa na mawe makubwa yenye ncha, huvimba ukiguswa na mafuta, na hauvumilii joto kali. Mpira au poliuretani iliyotandikwa ndani ya chuma tunaiita "bitana". Neno hili la mafundi cherehani lasema kila kitu: vazi la nje hulipa umbo, bitana huchukua msuguano.

Tunawaomba wafasiri wawe waangalifu na neno "imara". Limetumika kwa ugumu, kwa unyumbufu, kwa kutovunjika na kwa kutolika, hata limekwisha nguvu. Hati inayosema "vali iwe imara" haijasema neno. Iandikwe "ngumu", "nyumbufu", "isiyovunjika upesi" au "isiyolika kwa tindikali", kwa kadiri ya asili inavyosema.

8. Maswali ya kuuliza kabla ya kuandika

Mfasiri si mhandisi, wala mtumishi wa idara ya ugavi si mhandisi. Hata hivyo anaweza kuuliza. Haya ndiyo maswali tunayoyatumia sasa, na kila mojawapo lina neno lake la kulindwa:

(a) Chembe zina ugumu gani, ukubwa gani, na umbo gani? Chembe kali zenye pembe si sawa na chembe zilizoviringika.

(b) Chembe ni asilimia ngapi ya rojo, na asilimia hiyo ni ya uzito au ya ujazo? Rojo lenye nusu ya mwamba kwa uzito, ikiwa mwamba huo ni mzito kuliko maji mara 2.7, lina mwamba wa asilimia 27 tu kwa ujazo. Anayeyaacha maneno "kwa uzito" ameibadilisha hesabu yote.

(c) Maji yenyewe yana kemikali gani na joto gani? Mitambo ya dhahabu itumiayo sianidi huongeza chokaa. Mitambo mingi ya shaba hutumia tindikali ya sulfuri. Vali iliyofaa kwa moja yaweza kulika upesi katika nyingine.

(d) Kanieneo kubwa kabisa ni kiasi gani? Neno "presha" linaeleweka karakanani, nalo lisidharauliwe. Lakini katika mkataba "kanieneo" ndilo lililosanifiwa kwa fizikia.

(e) Vali ni ya kufunga au ya kukaba, na itafanya kazi hiyo mara ngapi kwa siku?

(f) Je, sehemu inayochakaa yaweza kubadilishwa peke yake, na inapatikana? Vali ya bei nafuu inayobadilishwa nzima kila baada ya miezi michache, huku mtambo ukisimama, huishia kuwa ghali kuliko ile ya bei kubwa. Hati nyingi hutaja "bei" tu. Tunashauri zitaje "bei ya kununulia" mbali na "gharama ya matumizi".

9. Istilahi zinazopendekezwa

Rojo: mchanganyiko unaomiminika wa maji na chembe ngumu.
Rojo kwaruzi: rojo ambalo chembe zake huchana kile zinachopitia.
Uchakavu: kupungua kwa kitu kwa sababu ya kutumika, jina la jumla.
Mkwaruzo: uchakavu utokanao na chembe zinazoteleza.
Mpigo: uchakavu utokanao na chembe zinazogonga.
Ulikaji: uchakavu utokanao na kemikali.
Kiwiliwili: sehemu ya nje ya vali inayoshika nyingine zote.
Kizuizi: sehemu ya vali inayosogea ili kuziba njia.
Kikalio: mahali kizuizi kinapokaa vali inapofungwa.
Ufito: kipande kirefu kinachounganisha kizuizi na gurudumu au mtambo wa kukisogeza.
Bitana: tabaka la ndani la mpira au kitu kingine linalokinga chuma.
Kufunga: kuziba njia kabisa.
Kukaba: kuipunguza njia ili mtiririko upungue.

10. Hitimisho

Kitabu kile kimekwisha kusahihishwa, na jedwali lake sasa lina safu mbili, moja ya kufunga na moja ya kukaba. Kabla ya kukipeleka kupigwa chapa upya tulimsomea fundi mkuu yule jedwali zima, mstari kwa mstari. Alibadilisha maneno mawili. Badala ya "fimbo", ambalo tulikuwa tumeliandika, alisema wao huita "ufito". Na mahali tulipoandika "mfuniko wa ndani" alitutajia "bitana". Yote mawili msomaji ameyaona hapo juu.

Tunajifunza kutokana na hayo kwamba istilahi haikamiliki mezani. Mezani hupewa umbo. Hupata maana pale mtu aliyeshika spana anapoisoma na kufanya kilichokusudiwa. Kwa hiyo tunawaomba wasomaji walioko viwandani, migodini, vyuoni na maofisini watuletee majina wanayoyatumia, pamoja na maelezo ya kifaa chenyewe. Hasa tungependa kusikia kutoka kwa wale ambao "kukaba" huko kwao kuna maana nyingine, ili tulipime tena neno hilo kabla halijaenea.